Uzamivu wa biolojia ya molekuli Göttingen: thamani yake iko mwaka wa kwanza

Mwenye shahada ya kwanza ya biolojia anayetamani kufanya uzamivu Ujerumani ana njia mbili. Ya kwanza ni ya tangu zamani: kwa kawaida baada ya uzamili, unamtafuta profesa, mnakubaliana mada, unaingia maabara yake, na baada ya miaka mitatu, minne au mitano unatoka na tasnifu. Ukimpata profesa mwema, umebarikiwa. Ukimpata asiye na muda nawe, hakuna pa kukimbilia. Njia ya pili ni uzamivu wenye mpangilio: kuna ratiba, kozi, mitihani, kamati inayokufuatilia, na maandishi yanayosema nani anadaiwa nini.

Tunayoipitia hapa ni ya njia ya pili, na ni miongoni mwa zilizokaa muda mrefu: programu ya Biolojia ya Molekuli ya Göttingen, iliyoanza mwaka 2000 chini ya International Max Planck Research School, mtandao wa shule za uzamivu za shirika la utafiti la Max Planck. Inaendeshwa kwa pamoja na Chuo Kikuu cha Göttingen, taasisi ya Max Planck ya mjini humo na kituo cha Ujerumani cha utafiti wa nyani. Masomo yote ni kwa Kiingereza. Nafasi ni kama 20 tu kwa mwaka, na waombaji wanatoka dunia nzima.

Tunaipa alama za juu kwa mambo mawili: mwanafunzi anaonja maabara tatu kabla ya kujifunga na moja, na kamati inasimama kati yake na msimamizi. Mengine yaliyomo ni mazuri, ila yanapatikana hata kwingine. Kasoro zake tutazitaja bila kuzipaka asali.

Tuanze na maombi, maana ndipo wengi wa Afrika Mashariki wanapoangukia. Shahada ya kwanza inatosha. Huhitaji kuwa na uzamili kwanza, na hilo peke yake linaokoa miaka miwili. Dirisha hufungwa katikati ya Januari kwa masomo yanayoanza vuli ya mwaka huohuo. Kwa hiyo anayehitimu Novemba na kungoja transkripti hadi Machi amechelewa mwaka mzima. Omba transkripti ya muda mapema, na uhakikishe imepigwa mhuri.

Tatizo la pili ni alama. Vyuo vya Ujerumani hugeuza alama za nje kwa kanuni inayoitwa ya Bavaria. Chukua alama ya juu kabisa katika mfumo wako, toa alama yako, gawanya kwa tofauti iliyopo kati ya alama ya juu na alama ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, kisha ongeza 1. Kule 1.0 ndiyo bora na 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu. Mtanzania mwenye GPA ya 4.0 kati ya 5.0, ambako kufaulu ni 2.0, anapata 1 + 3 × (1 ÷ 3), yaani 2.0. Hiyo ni alama nzuri. Sasa mtazame Mkenya mwenye wastani wa asilimia 70, ambao kwao ni daraja la kwanza, na kufaulu ni 40. Kanuni inampa 1 + 3 × (30 ÷ 60), yaani 2.5. Mtu aliyekuwa wa juu darasani anaonekana wa katikati, kwa sababu kanuni inadhani kuna wanaopata 100. Dawa yake ni karatasi moja: omba ofisi ya masjala ya chuo barua inayoeleza mizani ya madaraja na nafasi yako kati ya wahitimu wa mwaka wako. Wanaochagua ni wanasayansi, na wakiona "wa 2 kati ya 64" wanaelewa mara moja.

Barua ya kujieleza nayo huharibika kwa namna moja inayojirudia. Mwombaji anaorodhesha mbinu, "nimefanya PCR, ELISA, jeli", kama mtu anayetaja vyombo vya jikoni bila kusema alipika nini. Kama mradi wako wa mwaka wa mwisho ulikuwa kupima vimelea vya malaria kwa PCR (mbinu ya kunakili DNA), eleza ulilenga jeni gani, sampuli zilikuwa ngapi, sampuli hasi ya kudhibiti ilikuwa nini, na ulifanya nini ilipoonyesha mstari ambao haukupaswa kuwepo. Sentensi mbili za namna hiyo zina uzito kuliko ukurasa mzima wa mapenzi yako kwa sayansi. Vivyo hivyo barua za wahadhiri. "Ni kijana mtiifu na mwenye nidhamu" haimsaidii mtu Göttingen. Mwombe mhadhiri aeleze kazi uliyoifanya kwa mikono yako.

Ukiingia, mwaka wa kwanza unakwenda hivi. Miezi ya mwanzo ni mihadhara iliyogawanywa katika vipande vya wiki nne hadi sita, pamoja na vikundi vidogo vya mijadala na kozi fupi za mbinu ambamo unashika vifaa na viumbe vya majaribio: hamira, nzi wa matunda, seli za kukuzwa. Kuanzia Januari unaingia maabara kwa mizunguko mitatu. Kila mzunguko ni wiki saba za majaribio na wiki moja ya kuchambua data na kuwasilisha, na lazima iwe maabara tatu tofauti. Mwisho wa mwaka kuna mtihani mmoja wa kuandika na miwili ya kusimulia mbele ya walimu. Anayefanya vizuri anaruka tasnifu ya uzamili na kuanza moja kwa moja mradi wa uzamivu wa miaka mitatu. Asiyefikia hapo anafanya tasnifu ya miezi sita na kuondoka na uzamili.

Hiyo mizunguko mitatu ndiyo sababu ya kuichagua programu hii. Kwa njia ya zamani unaamua miaka minne ya maisha yako kwa barua pepe na mazungumzo ya nusu saa. Hapa unakaa wiki nane ndani ya maabara. Unaona kama msimamizi anasoma data yako au anapita tu mlangoni, kama wenzako wanasaidiana au wanafichana kemikali, kama wanafunzi wa mwaka wa nne wana makala zilizochapishwa au bado wanalaumu kingamwili. Kwa kupima mambo hayo kuna njia moja rahisi: muulize kila mwanafunzi wa uzamivu pale ndani kwamba wenzake watatu wa mwisho waliohitimu walichukua muda gani na sasa wako wapi. Maabara nzuri inajibu bila kusita.

Lakini wiki saba ni siku 49, na mzunguko mwingi unaharibika kwa sababu mradi haukupimwa kwa siku hizo. Chukua nzi wa matunda. Kizazi kimoja kwenye nyuzi 25 za Selsiasi kinachukua kama siku 10, hivyo ukianza siku ya kwanza unapata vizazi vinne, na siku tisa zinazobaki hazitoshi cha tano. Majike mabikira lazima wakusanywe ndani ya takriban saa 8 tangu watoke kwenye kifukofuko. Ukichelewa asubuhi moja, umepoteza mseto wa siku 10. Kwa hiyo ukipewa mradi unaohitaji kuunganisha mabadiliko ya jeni matatu kutoka mistari (koo) mitatu ya nzi, kataa kwa heshima na uombe mistari iliyokwisha kutengenezwa. Panya ndio kabisa: mimba ni kama wiki tatu, kukomaa ni wiki sita au zaidi, na majaribio ya wanyama Ujerumani yanahitaji kibali cha serikali ya jimbo kinachochukua miezi. Katika mzunguko, fanya kazi na tishu zilizokwisha kukusanywa tu.

Kutengeneza laini mpya ya seli kwa CRISPR, mbinu ya kuhariri jeni, nako hakuenei katika wiki saba. Kuhariri ni siku chache, ila kutenga seli moja moja, kuzikuza hadi zijae, kisha kuthibitisha kila kloni kwa mfuatano wa DNA kunakula miezi miwili hadi mitatu. Mradi unaotosha vizuri ni kuzalisha na kusafisha protini kutoka E. coli, halafu kupima kazi yake. Hata huo una mtego wake. Protini ikizalishwa kwa kasi kwenye nyuzi 37 mara nyingi hujikunja vibaya na kuganda ndani ya bakteria kama vipande visivyoyeyuka, nawe unaikuta yote kwenye mashapo baada ya kuzungusha kwenye sentrifuji. Anza kwa kupima chupa ndogo za mililita 10 kwa halijoto mbili, 37 kwa saa tatu na 18 kwa usiku kucha, na kiwango cha chini cha IPTG, kemikali inayoamsha uzalishaji wa protini, milimola 0.1 hadi 0.5 kwa lita. Angalia kwenye jeli sehemu iliyoyeyuka na iliyoganda kando kando, ndipo upandishe hadi lita mbili. Siku mbili hizo za majaribio madogo zinaokoa wiki mbili.

Kwa wanaokuza seli: maikoplazma, bakteria wadogo mno wanaovamia seli za kukuzwa. Haionekani kwa hadubini ya kawaida, haiyatii ukungu maji ya kukuzia, na penisilini haiigusi kwa sababu haina ukuta wa seli. Inabadilisha tabia za seli kimyakimya, kisha matokeo yako hayarudiwi na mtu. Siku ya kwanza uliza seli zilipimwa lini mara ya mwisho. Kama hakuna anayekumbuka, zipime mwenyewe kwa PCR kabla ya kuanza lolote.

Kuhusu vifaa, hakuna cha kulalamikia. Mji huu ndiko Erwin Neher na Bert Sakmann walikofanya kazi ya kupima mkondo wa umeme unaopita kwenye tundu moja la utando wa seli, iliyowapa Nobel mwaka 1991, na ndiko Stefan Hell anakofanya kazi, aliyeshiriki Nobel ya kemia mwaka 2014 kwa hadubini zinazoona vitu vidogo kuliko kikomo kilichodhaniwa hakivukiki. Taasisi ya Max Planck iliyopo sasa iliundwa mwaka 2022 kwa kuunganisha mbili, ile ya kemia ya kibiofizikia na ile ya tiba ya majaribio. Mwanafunzi anapata mashine ambazo kwingine angezisoma vitabuni tu, pamoja na mafundi wa kudumu wanaojua kuzitumia. Hao mafundi ni hazina. Wasalimie kwa Kijerumani.

Tuje kwenye kamati ya tasnifu. Ina watu watatu, msimamizi wako akiwa mmoja wao, na mnakutana angalau mara moja kwa mwaka. Kwenye karatasi ni jambo dogo. Kwa mazoea yetu ya kumwogopa msimamizi kama mkwe, ni jambo kubwa mno, kwa sababu linakupa haki ya kusema mbele ya maprofesa wengine wawili kwamba mradi umekwama. Inafanya kazi kwa sharti kwamba uichague vizuri. Usimkubalie msimamizi akuwekee marafiki zake wawili. Mmoja awe mtaalamu wa mbinu unayoitegemea zaidi, mwingine awe mtu wa fani ya jirani mwenye sifa ya kuuliza maswali ya moja kwa moja. Mkutano wa kwanza ufanyike ndani ya nusu mwaka, siyo mwisho wa mwaka, maana mradi mbovu hugunduliwa rahisi kabla haujala fedha. Tafuta tarehe miezi mitatu kabla, kwa sababu kalenda za maprofesa watatu hazikutani zenyewe. Peleka ripoti ya kurasa chache wiki moja mapema. Na ukitoka, andika mlichokubaliana uwatumie wote siku hiyohiyo. Mwaka wa tatu, msimamizi akitaka kuongeza jaribio jingine la miezi minane, karatasi hiyo ndiyo itakayokutetea.

Fedha. Hakuna ada ya masomo. Kuna mchango wa muhula, euro mia chache, ambao ndani yake mna huduma za wanafunzi. Mwaka wa kwanza unaishi kwa posho. Wakati wa uzamivu wenyewe wengi wako kwenye mkataba wa ajira, na katika biolojia kiwango cha kawaida ni asilimia 65 ya daraja la E13 la watumishi wa umma: kama euro 3,000 kwa mwezi kabla ya makato, karibu 2,000 mkononi kwa asiye na familia. Ndani ya makato hayo mna bima ya afya, pensheni na bima ya kukosa kazi, kwa hiyo mkataba ni bora kuliko posho ya kiasi kilekile, hasa kwa wanawake wanaotarajia kujifungua, kwani likizo ya uzazi inalindwa na sheria. Euro 2,000 zinatosha kuishi Göttingen vizuri na kutuma kitu nyumbani. Hazitoshi kuleta mke au mume na watoto wawili bila kipato kingine, na programu haielezi hilo waziwazi kama inavyostahili.

Makaratasi ya kuingia nchini ni ya kuchosha lakini yanafuata mstari. Barua ya ufadhili itaje kiasi cha kila mwezi na muda. Bila hivyo ubalozi unaweza kukudai akaunti maalumu ya benki yenye fedha za mwaka mzima. Ukifika una wiki mbili za kujiandikisha makazi, na bila hati hiyo hata benki inasumbua. Chumba kiombe mara tu upatapo barua ya kukubaliwa, kupitia Studierendenwerk, shirika linalosimamia mabweni, maana Oktoba mji mdogo huo hujaa wanafunzi kwa mkupuo. Maabara inazungumza Kiingereza. Ofisi ya uhamiaji, daktari wa meno na mwenye nyumba hawazungumzi. Jifunze Kijerumani hadi ngazi ya A2 kabla ya kuondoka. Mwaka wa kwanza hautakuachia nafasi.

Na kweli hauachi. Kasoro kubwa ya programu hii ni kwamba imejaza mwaka na nusu ndani ya mwaka mmoja. Mwanafunzi anatoka mfumo ambako maabara ilikuwa ya watu 12 kwa pipeti moja, anatua katika mihadhara ya biolojia ya miundo ya protini asubuhi na kozi ya mbinu mchana, huku giza la Desemba linaingia saa kumi na nusu jioni. Mitihani ya mwisho wa mwaka ndiyo inayoamua nani anaendelea na uzamivu, na wenye msingi dhaifu wa kemia ya kibiolojia wanaumia zaidi ya wanavyostahili kwa akili zao. Miezi minne kabla ya kwenda, rudia mambo manne: thermodinamiki ya uunganishaji wa molekuli, kinetiki ya vimeng'enya, takwimu za msingi, na programu ya R au Python kiasi cha kuchora grafu yako mwenyewe. Tungependa programu yenyewe itoe kozi ya matayarisho kwa wanaotoka vyuo visivyo na vifaa. Ni haki tupu.

Kasoro ya pili ni upeo. Hii ni programu ya molekuli na seli. Mwenye moyo wa mikoko, samaki au tembo asijilazimishe. Kwa vijidudu vya bahari kuna MarMic ya Bremen, ambayo nayo inachukua watu wenye shahada ya kwanza. Kwa wadudu, huhitaji hata kupanda ndege: icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichopo Nairobi, kimekuwa na programu ya uzamivu ya ARPPIS tangu mwaka 1983, na kwa anayetaka kushughulika na viwavi jeshi au mbung'o, pale Kasarani panazidi Göttingen.

Wapo wanaodhani watabeba sampuli kutoka nyumbani, mbu, mimea ya dawa, udongo, wakazifanyie kazi kule. Inawezekana, ila siyo kwa begi la mkononi. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu rasilimali za kijenetiki, inafanya kazi tangu Oktoba 2014, na kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 511 ya mwaka huo inamtaka mtafiti aonyeshe kibali cha nchi chanzo na makubaliano ya kugawana manufaa. Tanzania anzia COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Kenya anzia NACOSTI, tume kama hiyo, kisha NEMA, mamlaka ya mazingira, kwa kibali cha rasilimali za kijenetiki. Mkataba wa kuhamisha sampuli kati ya chuo cha nyumbani na taasisi unasainiwa na taasisi, siyo na wewe. Tenga miezi sita hadi kumi na miwili, na usiifanye sura ya kwanza ya tasnifu itegemee sampuli ambazo kibali chake hakijatoka.

Miaka mitatu ya mradi ndiyo iliyoandikwa. Mwaka wa nne siyo ajabu, na mkataba unaweza kurefushwa kama kamati inaunga mkono. Utetezi unafanyika mbele ya kamati yako ikiongezewa wajumbe wengine. Baadaye wenzako watakuburuta kwenye mkokoteni uliopambwa hadi uwanja wa soko, ukapande chemchemi na kulibusu sanamu la Gänseliesel, msichana mchunga mabata bukini aliyesimama pale tangu mwaka 1901. Halmashauri ya mji ilipiga marufuku desturi hiyo mwaka 1926, na madaktari wapya wameendelea kupanda.

Jambo moja wengi hawalijui siku hiyo ya furaha: Ujerumani, kufaulu utetezi hakukupi ruhusa ya kujiita daktari. Lazima tasnifu ichapishwe kwanza, na njia rahisi ni kuiweka kwenye maktaba ya kidijitali ya chuo bila gharama; cheti hutoka baada ya hapo. Usipande ndege ya kurudi bila hicho cheti na transkripti, kwa sababu tume za vyuo vikuu, TCU kwa Tanzania na CUE kwa Kenya, hutambua shahada ya nje kwa vyeti, na chuo cha nyumbani kitakachotaka kukuajiri kitakuuliza hiyo karatasi ya utambuzi kabla ya kukuuliza uligundua nini.